Amekuumiza Akili kwa Makusudi: Namna ya Kumdai Fidia Mahakamani

Wengi wanaoulizia kesi ya namna hii huanza na pesa: nitalipwa ngapi? Swali la kwanza ni jingine kabisa. Umemwona daktari? Kama hujamwona, acha kusoma hapa, nenda kamwone, halafu urudi. Sitanii. Mashauri haya hufia hospitalini kabla hayajafika mahakamani, kwa sababu mdai alilia miezi sita chumbani kwake bila karatasi hata moja inayosema kwamba aliumwa.

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara. Zanzibar ina mahakama zake na sheria zake za mashauri ya madai, kwa hiyo msomaji wa Unguja au Pemba achukue humu mawazo, asichukue taratibu.

Kanuni yenyewe

Hakuna sheria ya Bunge yenye kichwa kisemacho "kuumizana akili makusudi". Kanuni tunayoitumia tuliirithi kutoka Uingereza. Sheria yetu inayohusu matumizi ya sheria mahakamani inasema mahakama zitafuata, kadiri mazingira yetu yanavyoruhusu, sheria za mapokeo za Kiingereza, yaani zile zilizojengwa na hukumu za majaji, zilizokuwapo tarehe 22 Julai 1920. Na hukumu mbili zinazobeba kanuni hii zilitolewa kabla ya tarehe hiyo.

Ya kwanza ni ya mwaka 1897, London. Bwana mmoja, Downton, alikuwa mteja wa baa ya mume wa Bi. Wilkinson. Siku hiyo mume alikuwa ameenda kwenye mbio za farasi. Downton akamwendea mke na kumwambia kwamba mumewe amepata ajali, amevunjika miguu yote miwili, amelala kwenye nyumba moja ya pombe huko Leytonstone, na amemwagiza akodi gari haraka aende na mito miwili kumchukua. Yote yalikuwa mzaha. Yule mama alipatwa na mshtuko mkubwa, akatapika, akaugua kwa wiki kadhaa hadi watu wakahofia atarukwa na akili. Baraza lililosikiliza shauri lilimpa shilingi moja na peni kumi na nusu, nauli ya treni ya watu aliowatuma kwenda kumtazama mumewe, na pauni 100 kwa yale yaliyompata mwilini. Mabishano yalikuwa juu ya zile pauni 100. Jaji Wright akasema: mtu aliyefanya kusudi jambo ambalo kwa kawaida lingemdhuru mwenzake, na kweli likamdhuru, bila sababu ya haki, atalipa. Kusema kwamba alikuwa anatania hakumwokoi.

Ya pili ni ya 1919. Mpelelezi wa kujitegemea alitaka barua fulani, akaenda kumtisha mfanyakazi wa ndani aliyekuwa na mchumba Mjerumani. Akajifanya ametoka makao makuu ya polisi, akamwambia anatafutwa kwa kushirikiana na jasusi wa Kijerumani. Dada wa watu akaugua kwa hofu. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ikasema anastahili fidia. Ikumbuke hukumu hii, kwa sababu mtu anayejifanya polisi ili akupasue moyo hajaisha duniani. Siku hizi anapiga simu kudai mkopo wa mtandaoni.

Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliipanga upya kanuni hii. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, ila zinaweza kuisoma na kushawishika nayo. Kwa mujibu wake mdai lazima athibitishe mambo matatu: kwamba maneno au kitendo kilielekezwa kwake na hakikuwa na sababu ya haki, kwamba mdaiwa alikusudia kumdhuru mwili au kumtia uchungu mkubwa wa akili, na kwamba matokeo yake ni madhara ya mwili au ugonjwa wa akili unaotambuliwa na madaktari.

Soma tena hilo la tatu. Hasira, aibu, kukosa usingizi usiku mmoja na machozi havitoshi. Ukisoma mtandaoni habari za Marekani utakuta kwao huzuni kali peke yake inaweza kulipwa, hata bila ugonjwa, na hata kama mtu hakukusudia bali alipuuza tu hatari aliyoiona. Huko ni kwao. Huku usiingie na kesi ya Marekani.

Kwanza hakikisha hiyo ndiyo kesi yako

Maumivu ya moyo yana milango mingi mahakamani, na mwingine huenda ukawa mwepesi kuliko huu.

Kama alikuzushia uongo mbele ya watu wengine, hiyo ni kashfa. Huko huhitaji cheti cha daktari, unahitaji watu waliosikia au kusoma. Kama alikupiga, alikufungia ndani au alikukamata bila haki, dai hilo, na maumivu ya akili yatahesabiwa ndani ya fidia hiyohiyo. Kama ni bosi anakunyanyasa kazini, mlango wako ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na muda wake ni mfupi mno: siku 30 kama umeachishwa au umelazimika kuacha kazi, siku 60 kwa migogoro mingine. Mtu akikusubirisha kwa maneno ya "tutaongea, tutayamaliza", hizo siku zinakatika.

Mambo ya ndoa yana sheria yake ya mwaka 1971. Mchumba aliyevunja ahadi ya kuoa anaweza kudaiwa hasara iliyotokana na kuvunja ahadi, ndani ya mwaka mmoja. Aliyezini na mwenzi wako anadaiwa fidia ya ugoni. Anayekuja na simulizi ya "amenivunja moyo, ameoa mwingine" nampeleka huko. Kuachwa kunauma kweli, lakini anayekuacha kwa kawaida hakukusudia uugue, alikusudia kuondoka.

Na matusi ya mtaani? Matusi yanayoweza kuleta uvunjifu wa amani ni kosa la jinai, na mtu hushtakiwa Mahakama ya Mwanzo. Kwa fidia ya aina tunayoizungumzia hapa, tusi la siku moja halifiki popote.

Kesi inayobaki kwetu ina sura yake: uongo wa kutisha, vitisho vya makusudi, au mateso ya maneno yanayorudiwarudiwa, anayeyafanya akijua udhaifu wako na kuulenga. Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho. Tuseme mama mjane, mume alimfia kwenye ajali ya barabarani. Ana ugomvi wa mpaka na jirani. Usiku mmoja jirani anampigia simu: "Mwanao kagongwa na lori Kibaha, kafa palepale." Kijana ni mzima, yuko kijiweni anacheza bao. Mama anazimia, analazwa, na tangu siku hiyo halali wala hatoki nje.

Hatua ya 1: Daktari, na daktari anayefaa

Zahanati ya mtaa ni mwanzo mzuri kwa sababu inaandika tarehe. Ila kwa kesi hii unahitaji mtaalamu wa afya ya akili. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kitengo hicho. Muhimbili ipo Dar es Salaam, na Dodoma kuna Mirembe, ambayo watu wanaiogopa jina tu. Kwenda huko hakukufanyi kichaa, na hakimu hatakuona hivyo.

Ukiwa mbele ya daktari mweleze mambo mawili waziwazi: nini kilitokea na lini, na jinsi ulivyokuwa kabla. Watu husimulia dalili tu: "kichwa kinauma, sili, moyo unadunda." Daktari anaandika kichwa, tumbo, moyo. Mwaka unaofuata wakili wa mdaiwa anauliza faili hili linahusiana vipi na simu ya mteja wake, na hakuna jibu. Taka faili liseme kwamba mgonjwa ameeleza kuwa dalili zilianza baada ya kupigiwa simu ya taarifa ya uongo ya kifo cha mwanawe, tarehe fulani. Kisha ugonjwa uandikwe kwa jina lake: sonona, kiwewe baada ya tukio, wasiwasi uliopitiliza, au wowote atakaougundua.

Kama uliwahi kuugua hivyo zamani, usifiche. Mdaiwa akijua ulikuwa dhaifu na akakulenga kwa sababu hiyo, historia yako inaipa nguvu hoja ya kwamba alikusudia. Ukiificha ikafichuliwa mbele ya hakimu, itakubomoa wewe.

Rudi kliniki kila unapopangiwa. Tunza risiti za dawa, nauli na kipimo, hata ya elfu tatu. Muulize daktari mapema kama yuko tayari kuja mahakamani, kwa maana taarifa yake anaitoa yeye mwenyewe na kuulizwa maswali juu yake. Daktari aliyehamishiwa Kigoma shauri likiwa Temeke ni tatizo linalotatulika, ila lazima ulijue mapema.

Fomu ya polisi namba tatu, PF3, wengi huiulizia. Hiyo ni ya majeraha ya kushambuliwa. Kama hukuguswa mwilini, kukosa PF3 hakuiui kesi hii.

Hatua ya 2: Kusanya ushahidi ukiwa bado wa moto

Nia ya mtu haionekani. Unaithibitisha kwa yanayoizunguka: alijua nini juu yako, alisema nini, alirudia mara ngapi, alifanya nini ulipomwambia aache. Katika mfano wetu jambo zito kuliko yote ni kwamba jirani saa kumi na mbili jioni alikuwa ameketi kijiweni na yuleyule kijana anayedai amekufa. Vijana wawili wa pale kijiweni wana thamani kuliko mashahidi kumi watakaosema jirani ana roho mbaya.

Nunua daftari. Siyo ya simu, ya karatasi. Kila tukio: tarehe, saa, maneno yenyewe kama yalivyosemwa, nani alikuwepo, mwili wako ulifanya nini. Andika siku hiyohiyo. Maneno ya matusi usiyatafsiri kuwa "alinitolea lugha chafu". Andika tusi lenyewe. Mahakama haiwezi kupima ukali wa maneno isiyoyaona.

Ujumbe wa simu usiufute, na simu yenyewe usiiuze. Piga picha za skrini zinazoonyesha namba, tarehe na saa, siyo jina ulilomhifadhi nalo. Jina "Jirani Shetani" kwenye skrini linakuchekesha wewe, mahakamani linakuharibia. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa namna hii, lakini hakimu atapima ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na kama unaaminika. Kwa hiyo andaa hati ya kiapo inayoeleza simu ni ya nani, nani alichapisha kurasa hizo, kwa kifaa gani, na kwamba hazikuguswa. Ujumbe wa sauti uhifadhi ulivyo, kisha uuandike neno kwa neno kwenye karatasi.

Namba ngeni inakusumbua? Iandike kana kwamba unataka kuitumia pesa. Mara nyingi jina la mwenye laini hutokea kabla hujaweka namba ya siri. Piga picha ya skrini, ghairi. Tangu laini zisajiliwe kwa alama za vidole ni kazi kwa mtu kusema laini ile siyo yake, ingawa bado anaweza kudai ilikuwa mkononi mwa mwingine. Orodha rasmi ya miito ya mtu mwingine kampuni ya simu haitakupa wewe. Itatoka kwa polisi wanaopeleleza au kwa amri ya mahakama.

Hatua ya 3: Je, uanzie polisi?

Kama maneno yalikuja kwa simu au mtandao, mimi ningeanzia huko. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kumtumia mtu mawasiliano kwa nia ya kumlazimisha, kumtisha, kumsumbua au kumsababishia maumivu ya kihisia. Hilo la mwisho ndilo hasa jambo letu, na hapo Bunge liliandika lenyewe. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili.

Faida ya kuanzia huko ni mbili. Polisi wanaweza kupata kumbukumbu za simu usizoweza kuzipata wewe. Na Sheria ya Ushahidi inasema hukumu ya mwisho ya jinai, muda wa rufaa ukishapita, ni uthibitisho kamili kwamba mtu yule alitenda kosa lile. Ukija na hukumu hiyo kwenye shauri la madai, suala la kama alifanya au hakufanya limekwisha. Unabaki na ugonjwa na kiasi cha fidia.

Hasara yake ni upande wa pili wa kanuni hiyohiyo. Akiachiwa huru, naye anaibeba hukumu yake kuja nayo. Na jinai inataka uthibitisho usioacha shaka, wakati madai yanatosheka na mizani kuelemea upande wako. Ushahidi wako ukiwa wa wastani, fikiri mara mbili kabla ya kuusukuma kwenye jinai.

Usisubiri jinai iishe ndiyo ufungue madai. Muda wa kudai kosa la madhara ni miaka mitatu tangu tukio, na kesi ya jinai haisimamishi saa hiyo.

Kwa wanaosumbuliwa na wakopeshaji wa mtandaoni, kuna milango miwili zaidi. Benki Kuu ndiyo inayotoa leseni, na Novemba 2024 ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Na kama walichukua orodha ya majina kwenye simu yako wakawapigia wakwe zako, hilo ni suala la Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi chini ya sheria ya mwaka 2022, ambayo nayo ina nafasi ya fidia. Deni lako linabaki deni. Aliyekukopesha ana haki ya kukukumbusha, kukuandikia na kukushtaki. Kujifanya askari au kumtangazia mwenyekiti wa mtaa kuwa wewe ni mwizi siyo njia ya kudai deni, na aliyemwajiri mpiga simu huyo anaweza kudaiwa pamoja naye.

Hatua ya 4: Barua ya madai

Kabla ya kufungua shauri mwandikie. Iwe fupi, isiyo na matusi, isiyotisha. Barua yenye vitisho inaweza kusomwa mahakamani na kukugeuza wewe kuwa mtesaji. Mfano:

"Tarehe 4 Machi, saa 3:20 usiku, ulinipigia simu ukanieleza kwamba mwanangu amefariki kwa ajali. Habari hizo hazikuwa za kweli na ulijua hivyo. Kutokana nazo nililazwa hospitali siku mbili na ninaendelea kutibiwa. Nakutaka, ndani ya siku 14 tangu upokee barua hii, (a) unilipe gharama za matibabu na nauli, shilingi 640,000, (b) tukubaliane fidia ya madhara niliyoyapata, na (c) ukome kunipigia simu au kunitumia ujumbe. Usipofanya hivyo nitafungua shauri mahakamani bila kukuarifu tena."

Ipeleke na mtu wa tatu, na nakala yako isainiwe na aliyeipokea. Akikataa kusaini, aliyeipeleka aandike nyuma ya nakala tarehe, saa na maneno ya kukataa. Baadhi ya watu hupitia serikali ya mtaa, jirani akaitwa ofisini. Ni sawa, na mara nyingi mambo huishia hapo kwa radhi na gharama za hospitali. Akikiri mbele ya mwenyekiti, omba kilichosemwa kiandikwe na kigongwe muhuri.

Mdaiwa akiwa ofisi ya serikali au halmashauri, utaratibu ni tofauti: notisi ya siku 90 kwanza, Mwanasheria Mkuu anaunganishwa, na shauri linafunguliwa Mahakama Kuu. Hapo usiende bila wakili.

Hatua ya 5: Mahakama ipi

Siyo Mahakama ya Mwanzo. Kwa mashauri ya namna hii yenyewe hufanya kazi ya sheria za mila na za Kiislamu, na dai hili limetoka kwingine. Anza Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, mahali tukio lilipotokea au anapoishi mdaiwa. Kwa madai yasiyohusu ardhi au nyumba uwezo wake unafika shilingi milioni 200.

Hapa watu hujikwaa. Wanaandika "nadai fidia ya milioni 500" wakidhani itawapeleka Mahakama Kuu. Uwezo wa mahakama hupimwa kwa hasara mahususi, yaani ile yenye risiti, siyo kwa fidia ya jumla ambayo hakimu ndiye anayeipanga. Mwenye risiti za laki sita na nusu ni mteja wa Mahakama ya Wilaya hata akiandika bilioni.

Wakili siyo lazima, unaweza kusimama mwenyewe. Lakini ukimudu, mchukue. Usipomudu, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imeweka watoa huduma waliosajiliwa, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) na Chama cha Mawakili Tanganyika wamezoea kazi hiyo. Msaidizi wa kisheria wa kata atakuandikia na kukuelekeza. Kukusimamia mahakamani haruhusiwi. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, kwa hiyo usikubali mtu akutoze hela ya "kutafsiri" hati ambayo hata mdaiwa angetaka kuisoma kwa Kiswahili.

Hatua ya 6: Hati ya madai

Hati ya madai inasema mambo, haisimulii uchungu. Jina la mahakama, wahusika na anwani zao, kilichotokea na lini, kwa nini mahakama hii ina uwezo, unaomba nini. Moyo wa hati ni aya chache. Kwa mfano wetu zingekuwa hivi:

"5. Kwamba, tarehe 4 Machi, saa 3:20 usiku, mdaiwa alimpigia mdai simu kutoka namba iliyosajiliwa kwa jina la mdaiwa, akamwambia mwana wa mdai amegongwa na lori Kibaha na amefariki.

6. Kwamba, mdaiwa alijua maneno hayo ni ya uongo, kwa kuwa jioni ya siku hiyo, saa 12, alikuwa pamoja na kijana huyo kijiweni.

7. Kwamba, mdaiwa, akijua kuwa mdai alifiwa na mumewe kwa ajali ya barabarani, aliyasema maneno hayo kwa nia ya kumtia uchungu mkubwa wa akili, na hakuwa na sababu yoyote ya haki.

8. Kwamba, kutokana na maneno hayo mdai alizimia, alilazwa, na amegundulika kuwa na ugonjwa wa sonona, kama inavyoonyesha taarifa ya daktari, Kiambatisho A."

Aya ya 5 ni tendo, ya 6 na ya 7 ni nia, ya 8 ni matokeo. Ikikosekana moja, mwenzako ataomba shauri liondolewe kwa kuwa halina msingi, na huenda akafanikiwa.

Kisha maombi. Hasara mahususi iandike kipengele kwa kipengele na jumla yake. Mahakama ya Rufani imekuwa ikisisitiza kwa miaka mingi kwamba hasara ya namna hiyo lazima itajwe kwa umahususi na ithibitishwe kabisa. Risiti iliyopotea ni pesa iliyopotea. Fidia ya jumla iombe "kadiri mahakama itakavyoona inafaa". Ongeza amri ya kumzuia asirudie, riba na gharama za shauri. Maliza kwa uhakiki na saini, ambatisha nyaraka zote, sajili kwenye mfumo wa kielektroniki wa mahakama na ulipe ada kwa namba ya malipo utakayopewa. Asiye na uwezo anaruhusiwa kuomba kufungua shauri kama maskini.

Hatua ya 7: Kuanzia wito hadi hukumu

Mdaiwa akipokea wito ana siku 21 za kuleta utetezi. Utetezi utakaoukuta ni wa aina tatu: sikusema, nilisema lakini nilikuwa natania, ugonjwa wake haukutokana na mimi. Wa kwanza unajibiwa kwa kumbukumbu za simu. Wa pili nimeshaueleza, Downton naye alikuwa anatania. Wa tatu ndio mgumu, na anayeujibu ni daktari wako.

Kabla ya kusikilizwa mtapelekwa kwenye usuluhishi, usiozidi siku 30. Nenda ukiwa na namba kichwani: kiasi cha chini utakachokubali. Fikiria pia kitu ambacho hukumu haikupi kirahisi, mfano jirani kuomba radhi mbele ya watu walewale. Makubaliano yakifikiwa yasajiliwe yawe amri ya mahakama. Maelewano ya mdomo koridoni hayana nguvu.

Yasipofikiwa, utasimama kizimbani na kuulizwa maswali makali. Utaulizwa habari za mumeo, ndoa yako, dawa unazokunywa. Jibu kilichoulizwa, basi. Ukilia, hakimu atakupa muda. Hakuna haja ya kulia kwa nguvu wala ya kujizuia.

Kiasi gani? Hakuna jedwali. Fidia ya jumla ni uamuzi wa hakimu, ila lazima atoe sababu, na asipozitoa mahakama ya juu inaweza kuifuta au kuibadilisha. Wewe ndiye unayempa sababu hizo: muda ulioumwa, kazi ulizoshindwa kufanya, genge lililofungwa, mtoto aliyehamia kwa shangazi kwa sababu humudu kumhudumia. Toa ushahidi wa kila kimoja. Na ujue kwamba ukishindwa, kwa kawaida unabeba gharama za mwenzako.

Hatua ya 8: Kuikaza hukumu

Hukumu haijilipi. Asipolipa, unaomba utekelezaji katika mahakama iliyotoa hukumu, na una miaka 12 ya kufanya hivyo. Mahakama inaweza kuamuru dalali wake akamate na kuuza mali, au sehemu ya mshahara izuiwe kwa mwajiri. Vitu vingine havikamatwi: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko, zana za fundi. Kwa hiyo wakati shauri linaendelea, andika taratibu mali za mdaiwa unazozijua, pikipiki, fremu ya duka, kiwanja, pamoja na majina yaliyoko kwenye kadi au hati. Kumfunga kama mfungwa wa madai kunawezekana, lakini gharama za chakula chake utazibeba wewe, na aliyeko ndani hazalishi. Akiomba kulipa kwa awamu, kubali kama kiasi kinaeleweka, taka iwe kwa amri ya mahakama yenye tarehe za kila awamu, na kila anapolipa aondoke na risiti, wewe ubaki na nakala.